Ahadi za Sultani kwa Wazungu: zilianzaje, na zilimfikisha wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa historia, kwetu ni Tanga. Tumefundishwa kwamba Uislamu na nchi za Magharibi zimekuwa vitani tangu Vita vya Msalaba. Lakini nimesoma kwamba masultani wa Uturuki waliwaacha Wazungu wakae Istanbul kwa karne nyingi, wakihukumiwa kwa sheria za kwao na kulipa ushuru mdogo. Kama walikuwa maadui, upendeleo huo waliupata wapi? Na je, ni kweli kwamba upendeleo huohuo ndio uliokuja kuwaangusha Waturuki?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali mawili. La pili ndilo gumu, na halijibiki bila la kwanza. Niruhusu nianze na neno ambalo uko nalo mdomoni kila siku: balozi.

Venice, iliyokuwa zamani jamhuri ya wafanyabiashara wenye nguvu baharini, ilikuwa na mwakilishi wake Istanbul aliyeitwa bailo. Waturuki wakalitamka balyoz. Kutoka kwao likaingia kwa Waarabu, na wale wa Ghuba wakawa wanamwita hivyo mwakilishi wa Waingereza. Kwa njia za majahazi likafika pwani yetu, likawa balozi, na leo tunaye hata balozi wa nyumba kumi. Neno lisingesafiri umbali huo kama huyo bwana angekuwa mgeni wa siku mbili. Alikuwa na nyumba yake, makarani, wakalimani na mshahara. Venice ilipigana na Waturuki mara nyingi, na vita kimoja kilichukua miaka 16, kuanzia 1463 hadi 1479. Kikiisha, bailo anarudi, mkataba unaandikwa upya, meli zinapakia. Mwaka uleule wa amani, 1479, Venice ilimpeleka mchoraji wake mashuhuri Gentile Bellini kwa Sultani Mehmed II, yuleyule aliyeiteka Konstantinopoli, ndiyo hiyo Istanbul. Picha ya Sultani inayohusishwa na mkono wake, yenye tarehe ya 1480, imehifadhiwa London mpaka leo.

Kwa hiyo mwalimu wenu hakukosea kusema kwamba vita vilikuwepo. Vilikuwepo, vikali, na damu ilimwagika pande zote mbili. Ila hebu tazama nani alisimama upande wa nani, uone jinsi hesabu ya dini mbili inavyovurugika. Salahuddin, aliyeitwaa Jerusalem mwaka 1187, aliwahi kumwandikia khalifa wa Baghdad akimweleza kwamba watu wa Venice, Pisa na Genoa wanamletea silaha za nchi zao. Miji hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasafirisha wapiganaji wa Msalaba. Huko ni miaka zaidi ya 100 kabla Waturuki wa Uthmaniya, ndio hao wa masultani wa Istanbul, hawajasikika popote.

Sasa tuje kwenye upendeleo wenyewe. Waturuki waliuita ahdname, yaani barua ya ahadi. Msikie "ahadi" humo ndani. Wazungu waliuita kapitulasyoni, na wengi hudhani maana yake ni kusalimu amri. Sivyo. Linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya vifungu, kwa kuwa barua yenyewe ilipangwa kifungu kwa kifungu.

Msingi wake uko kwenye fikihi. Mtu asiye Mwislamu anayetoka nchi ya vita na kuingia kwa ruhusa huitwa mustaamin, aliyepewa amani. Damu yake na mali yake vina ulinzi. Lakini kwa madhehebu ya Hanafi, ambayo ndiyo waliyoyafuata Waturuki, amani hiyo haipiti mwaka. Akizidisha anahesabiwa mwenyeji, anaanza kulipa jizya, kodi ya raia wasio Waislamu. Mfanyabiashara aliyefungua duka la vitambaa Aleppo hawezi kuishi kwa kuhesabu miezi. Barua ya Sultani ndiyo iliyomwondolea kikwazo hicho, akakaa miaka bila kugeuka raia.

Barua ya namna hii unaweza kuiona katika siku ya tatu tu baada ya Konstantinopoli kutekwa. Mji ulianguka tarehe 29 Mei 1453. Ng'ambo ya mlango wa bahari, mtaa wa Galata, walikaa watu wa Genoa, na tarehe 1 Juni walishakuwa na hati mkononi, imeandikwa kwa Kigiriki na kutolewa kwao kupitia Zaganos Pasha, waziri wa Mehmed. Wabaki na nyumba zao na mali zao. Makanisa yao wabaki nayo, wasijenge mapya, wala wasipige kengele. Watoto wao wasichukuliwe kuwa askari wa Sultani. Wachague mkubwa wao wa kuamua mambo ya biashara zao. Silaha wasalimishe. Ukiisoma utaona ni sauti ya bwana anayeamuru na kutoa kwa hiari yake. Hakuna aliyemlazimisha Mehmed, kijana yule wa miaka 21. Alitaka mji wenye bandari inayofanya kazi, na bandari haifanyi kazi bila wenye meli.

Na hilo la kuhukumiwa kwa sheria zao wenyewe, ambalo limekushangaza, kwao halikuwa ajabu. Ndani ya dola yao Wagiriki walikwenda kwa patriaki wao katika ndoa na mirathi, Waarmenia kwa wao, Mayahudi kwa marabi. Kumwachia balozi wa Venice kesi za watu wake ilikuwa ni kupanua tu jambo lililokuwepo. Mgeni akigombana na Mwislamu, kesi ilikwenda kwa kadhi, na mkalimani wa ubalozi akahudhuria.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni siasa. Hapa nakuomba ukae nami kidogo, maana ndipo kisa kinapokuwa kitamu.

Februari 1525 Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa alishindwa vitani huko Pavia, Italia, akatekwa na Kaisari Karoli wa Tano wa ukoo wa Habsburg, aliyekuwa akitawala Hispania, Ujerumani na nusu ya Italia. Mfalme Mkatoliki yuko kifungoni mwa Mkatoliki mwenzake. Mama yake aliomba msaada kwa nani? Kwa Sultani Suleiman. Mjumbe wa kwanza aliuawa njiani, Bosnia. Wa pili, Jean Frangipani, alifika akiwa ameficha barua ndani ya viatu vyake. Jibu la Suleiman, la mwanzoni mwa 1526, limehifadhiwa Paris. Anaanza kwa kujitaja mwenyewe na nchi zake, moja baada ya nyingine, kisha anamwambia mfalme asivunjike moyo, kwamba wafalme kushindwa na kufungwa si jambo geni, na kwamba "usiku na mchana farasi wetu ametandikwa na upanga wetu umefungwa." Agosti mwaka huohuo jeshi lake liliivunja Hungaria huko Mohács, na mfalme wa Hungaria akafa akikimbia. Mwaka 1529 alikuwa chini ya kuta za Vienna, mji wa ukoo uleule wa Habsburg. Mafundisho ya shuleni yanaiweka Vienna kwenye orodha ya vita vya dini, na dini ilikuwemo, sikatai. Lakini mfalme mkubwa wa Kikatoliki alikuwa akiomba Sultani asonge mbele.

Miaka michache baadaye Ufaransa ikapeleka balozi wa kukaa, na mazungumzo ya vifungu vya biashara yakafika kwenye rasimu mwaka 1536. Upande wa vita ulifika mbali zaidi. Mwaka 1543 merikebu za makasia za Hayreddin Barbarossa, amiri wa bahari wa Sultani, zilishirikiana na Wafaransa kuuzingira mji wa Nice. Majira ya baridi yakaingia, na merikebu zaidi ya 100 hazikuwa na pa kulala. Mfalme wa Ufaransa akatoa amri: wakazi wa Toulon wahame, mji wapewe Waturuki wapatao 30,000 mpaka majira yageuke. Kanisa kuu likatumika kama msikiti. Pesa za Kituruki zikapokewa madukani. Kwa usumbufu huo wakazi wakasamehewa kodi kwa miaka kadhaa. Jaribu kumwona mtu wa Toulon akirudi nyumbani kwake masika ya 1544, akifungua mlango na kukagua vyombo vyake. Kwa mtu yule Uislamu na Magharibi haukuwa mstari kwenye ramani. Walikuwa wapangaji waliotoka jana.

Uingereza ilifuata, na sababu zake ni rahisi kueleweka. Papa alimtenga Malkia Elizabeth na Kanisa mwaka 1570. Marufuku ya Papa ya kuwauzia Waislamu vifaa vya vita haikumhusu tena. Mfanyabiashara William Harborne alifika Istanbul mwaka 1578, na mwaka 1580 Sultani Murad III akatoa barua ya vifungu kwa Waingereza. Walileta vitambaa vya sufu, na bati ya kuyeyushia mizinga na madini ya risasi ya kutengenezea risasi za bunduki. Sehemu ya madini hayo ilitoka kwenye paa na kengele za nyumba za watawa wa Kikatoliki zilizovunjwa Uingereza. Kengele ya kanisa la Kiingereza ikaishia kwenye mzinga wa Sultani. Waholanzi nao, waliokuwa wakipigana na Hispania, walivaa nishani za mwezi mwandamo zenye maneno ya kusema heri Mturuki kuliko Papa. Barua yao ya vifungu ikaja mwaka 1612.

Wakati huo nani alikuwa anamhitaji nani? Kipimo kizuri ni zawadi. Mwaka 1599 meli iitwayo Hector ilitia nanga Istanbul ikiwa na kinanda kikubwa, zawadi ya Elizabeth kwa Sultani Mehmed III, kwa gharama za wafanyabiashara wa Kiingereza waliotaka barua yao ihuishwe. Fundi wake, Thomas Dallam, alikifungua akakuta gundi imeachia kwa joto la safari na mabomba yamebonyea. Alikaa wiki kadhaa ndani ya kasri akikirekebisha. Siku ya siku kikapiga saa chenyewe, kikacheza chenyewe, na juu yake kichaka chenye ndege wa bandia kikaimba, ndege wakitikisa mabawa. Sultani akataka kuona mtu akikipiga kwa mkono. Dallam anasimulia kwamba alipiga akiwa amempa Sultani mgongo, jambo ambalo kwa mwingine lingekuwa hatari ya kichwa, na Sultani alipoinuka karibu yake na kumgusa, yeye alidhani upanga unachomolewa. Akapewa dhahabu. Malkia wa Uingereza ndiye aliyekuwa anabisha hodi, na fundi wake anatetemeka. Iweke picha hiyo akilini, maana tutairudia.

Na usidhani ujanja huu ulikuwa wa Wazungu peke yao. Shah Abbas wa Uajemi, Mwislamu wa Kishia aliyekuwa na uhasama na Waturuki Wasunni, alituma wajumbe Ulaya kutafuta wa kushirikiana nao dhidi ya Sultani, na mwaka 1622 alitumia meli za kampuni ya Waingereza kuwafukuza Wareno Hormuz. Kila mtu alikuwa na jirani anayemwogopa kuliko mtu wa mbali wa dini nyingine.

Sasa swali lako la pili: vipi ahadi hizo ziligeuka kitanzi?

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba barua ya zamani ilikuwa na uhai wa Sultani aliyeitoa. Akifa, imekufa. Mrithi anaweza kuihuisha au kuikataa, na balozi lazima aje upya na zawadi zake; ndiyo maana ya kile kinanda. Kwa hiyo Sultani alishika mpini. Ushuru wa forodha uliokuwa 5 kwa mia ulipungua kidogo kidogo. Wafaransa walipunguziwa hadi 3 kwa mia mwaka 1673. Hata hapo, bado ilikuwa ni hisani.

Kisha ikaja 1683. Waturuki walirudi Vienna wakashindwa vibaya, na vita vilivyofuata vikaisha mwaka 1699 kwa mkataba wa Karlowitz, ambapo Hungaria karibu yote iliwatoka. Kuanzia hapo Sultani naye alianza kuhitaji marafiki mezani. Mwaka 1739 balozi wa Ufaransa, Marquis de Villeneuve, alisaidia kupatanisha, na kwa upatanisho huo Waturuki wakairudisha Belgrade kutoka kwa Waaustria. Shukrani ilikuwa lazima. Mwaka 1740 Sultani Mahmud I alitoa barua mpya kwa Wafaransa, na safari hii alijifunga yeye pamoja na warithi wake. Haikufa tena na Sultani.

Nimeisoma historia hii kwa miaka mingi, na kama ningeulizwa siku gani mpini ulihama mkono, ningeutaja mwaka huo. Hakukuwa na kelele, wala mji uliotekwa. Kilichobadilika ni kifungu kimoja cha muda wa barua. Mataifa mengine yalishika palepale: kila moja lilikuwa na kifungu kinachosema atakachopewa mwenzake na yeye apewe. Mlango ukifunguliwa kwa mmoja umefunguka kwa wote.

Ndani ya mlango huo kukaingia biashara nyingine. Balozi alikuwa na haki ya kuwapa wakalimani wake hati iitwayo berat, yenye kuwapa kinga na nafuu za ushuru kama Wazungu wenyewe. Mabalozi wakaanza kuziuza. Mgiriki au Muarmenia wa Istanbul mwenye mali, raia wa Sultani tangu babu zake, ananunua hati, anaandikwa mkalimani wa ubalozi fulani, na kuanzia siku hiyo halipi kodi anazolipa jirani yake wala hafikishwi mahakama ileile. Wengi wao hawakutafsiri chochote. Hazina ikawapoteza walipa kodi wake wazuri zaidi. Sultani Selim III alijaribu kuwapa wafanyabiashara wake mwenyewe hati za namna hiyohiyo ili wasikimbilie balozini. Alilazimika kuwauzia raia zake haki ambazo mgeni alikuwa nazo bure nchini kwake.

Pigo la 1838 ndilo lililowagusa watu wa kawaida. Sultani alikuwa amebanwa na gavana wake mwenyewe, Muhammad Ali wa Misri, ambaye jeshi lake lilikuwa limeiteka Shamu na kuingia Anatolia. Alihitaji Waingereza, nao bei yao ikawa mkataba wa Balta Liman. Ukiritimba wa serikali ukafutwa. Bidhaa ya Kiingereza ikishalipa jumla ya 5 kwa mia bandarini, basi, inasafiri hadi itakapo. Mfumaji wa Bursa au Aleppo akihamisha kitambaa chake kutoka mji hadi mji, ndani ya nchi yake, analipa ushuru wa ndani wa 8 kwa mia. Yaani kitambaa cha viwanda vya Manchester, kilichovuka bahari, kilipita njia ya Sultani kwa nafuu kuliko cha mwananchi. Na serikali haikuwa na ruhusa ya kupandisha ushuru bila mabalozi kukubali. Nchi isiyoweza kupanga ushuru wake mwenyewe itapata wapi pesa ya vita? Itakopa.

Ikakopa. Vita vya Crimea vilianza mwaka 1853, Uingereza na Ufaransa zikiwa upande wa Sultani dhidi ya Urusi. Tazama tena, askari wa Kikristo wanakufa wakiitetea dola ya khalifa. Mkopo wa kwanza wa nje ulisainiwa mwaka 1854: pauni milioni 3, riba 6 kwa mia, na dhamana yake ni kodi ambayo Misri ilimlipa Sultani kila mwaka. Mikopo ya namna hii ilikuwa na ujanja unaofaa kuuelewa. Tuseme hati ya mkopo imeandikwa pauni 100 lakini imeuzwa kwa 80 ili ivutie wanunuzi. Sultani anapokea 80, tena kabla ya ada za madalali, lakini riba anailipa juu ya 100, na mwisho anarudisha 100. Mkopo wa pili ukafuata mwaka uliofuata, na mingine ikaja kulipa riba ya iliyotangulia. Sehemu ilinunua meli za kivita na reli. Sehemu ilikwenda kwenye makasri pembeni ya Bosphorus, na hapo siwezi kuwalaumu Wazungu. Masultani walikopa kwa mkono wao na wakatumia kwa mkono wao. Kufikia 1875 deni lilikuwa karibu pauni milioni 200 na malipo yake yalimeza zaidi ya nusu ya mapato. Oktoba mwaka huo serikali ikatangaza kwamba haiwezi kulipa riba yote.

Misri, kwenye njia hiyohiyo, iliuza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa Uingereza mwezi uliofuata, na mwaka 1882 askari wa Kiingereza waliingia.

Istanbul haikuingiliwa na askari. Iliingiliwa na makarani. Mwezi wa Muharram, Desemba 1881, Sultani Abdulhamid II alitoa amri ya kuunda idara ya Düyun-u Umumiye, Madeni ya Umma. "Düyun" ni madeni, ndugu wa neno letu deni. Baraza lake lilikuwa na watu saba, wengi wao wawakilishi wa wanaodai kutoka Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Austria na Italia. Walikabidhiwa moja kwa moja mapato ya chumvi, tumbaku, pombe, stempu, samaki wa Istanbul na hariri ya baadhi ya wilaya. Pesa hizo hazikupita hazina ya Sultani. Idara ilikua mpaka ikawa na watumishi zaidi ya 5,000, wengi kuliko wa wizara ya fedha yenyewe. Tumbaku ilikodishwa kwa kampuni ya kigeni iliyokuwa na walinzi wake wenye bunduki, na wakulima waliouza majani yao kwa magendo walipigana nao kwa miaka. Watu wengi walikufa kwa ajili ya tumbaku waliyoilima wenyewe. Jumba la idara hiyo, jiwe tupu, lilijengwa juu ya kilima kinachotazama bahari. Bado limesimama. Leo ni shule ya sekondari, na watoto wanapanda ngazi zilezile walizopanda wakusanyaji wa deni.

Rudi sasa kwa Dallam akitetemeka mbele ya Mehmed III, halafu mtazame karani wa Düyun-u Umumiye akihesabu magunia ya chumvi mwaka 1890. Vifungu vingi vya barua vilikuwa vilevile: mgeni ahukumiwe na balozi wake, alipe ushuru mdogo, mali yake isiguswe. Ahadi iliyotolewa na mwenye nguvu ilimtumikia alipokuwa na nguvu. Alipodhoofika, maneno yaleyale yakawa haki ya mwingine juu yake.

Umeuliza kama ahadi hizo ndizo zilizowaangusha Waturuki. Jibu langu ni kwamba peke yake, hapana. Waturuki walipoteza vita na Urusi, walichelewa kubadilisha jeshi lao, mataifa ya Balkani yalitaka kujitawala, na masultani walitumia vibaya. Lakini kila dola hupata majeraha. Mikataba hii iliifanya dola isiweze kujitibu, kwa kuwa kila dawa iligharimu pesa, na njia za kupata pesa zilikuwa zimefungwa kwa saini zake yenyewe. Wapo wanahistoria wanaoona uzito zaidi kwenye vita kuliko kwenye ushuru. Mimi naona huwezi kuvitenganisha: Balta Liman ilisainiwa kwa sababu ya vita, na vita vya Crimea vilizaa deni.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa Tanga, kisa hiki unacho mlangoni. Septemba 1833 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alisaini Muscat mkataba na Marekani, akafuata na Waingereza mwaka 1839 na Wafaransa mwaka 1844. Usome huo wa Wamarekani: ushuru wa bidhaa wanazoshusha ni 5 kwa mia, na migogoro baina yao inaamuliwa na balozi wao. Ni vifungu vya Istanbul vilivyovaa kanzu. Said aliutaka mkataba huo. Alipata soko la pembe na karafuu, na rafiki wa pili asiyekuwa Mwingereza; mwaka 1840 meli yake Sultana ilitia nanga New York chini ya Ahmad bin Naaman, na Wamarekani wakaja kumwona. Kutoka kwao tukapata kitambaa cha merikani, ambacho bibi zetu walikijua kwa jina hilo. Lakini wafanyabiashara wa Kihindi, waliokuwa wameshika fedha za Zanzibar, wakahesabiwa watu wa Uingereza, na kesi zao zikaenda kwa balozi wa Uingereza. Kufikia enzi za Seyyid Barghash, neno la balozi huyo lilikuwa zito mjini kuliko la baraza la Sultani, na mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Huku hapakuhitajika karne tatu. Miaka 57 ilitosha.

Waturuki walijaribu kuvifuta vifungu vyao mara tu Vita Kuu ilipoanza: Septemba 1914 serikali ilitangaza kwamba imevifuta, na mabalozi wote walipinga, hata wa Ujerumani na Austria waliokuwa marafiki zake. Ilibidi dola yenyewe ianguke kwanza. Novemba 1922 ujumbe wa Uturuki mpya ulikaa Lausanne, Uswisi, ukiongozwa na İsmet Pasha, jenerali mwenye masikio mazito, mbele ya Lord Curzon wa Uingereza. Curzon alinguruma, İsmet hakusikia, au hakutaka kusikia, akarudia hoja ileile kesho yake. Mwezi Februari mkutano ulivunjika, na moja ya mambo yaliyouvunja ni hivyo vifungu. Walirudi masika. Tarehe 24 Julai 1923 waliweka saini, na kifungu cha 28 kinasema kapitulasyoni zimefutwa kabisa, kwa kila namna.

Deni halikufutwa. Liligawanywa kwa nchi zilizozaliwa kutokana na dola ile, na Uturuki ikabeba fungu kubwa, ikalipa kidogo kidogo, ikasimama, ikajadiliana, ikalipa tena. Fungu la mwisho lilitoka Mei 1954. Mkopo wa kwanza ulikuwa wa 1854.